Mafiga Matatu: Nani Amwambie Mwenye Bunduki "Basi"?



Hivi karibuni, katika darasa langu la jioni hapa Kampala, tulikuwa tukijifunza istilahi za uraia: katiba, bunge, serikali, mahakama. Nilieleza, kama walimu wengi wanavyoeleza, kwamba dola ina mihimili mitatu. Bunge hutunga sheria, Serikali huzitekeleza, na Mahakama huzitafsiri na kuamua mashauri. Kijana mmoja ambaye huendesha bodaboda mchana na kusoma usiku akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "Serikali ina askari. Bunge huidhinisha fedha. Mahakama ina nini?"

Nilimjibu kwamba Mahakama ina sheria. Akatabasamu kwa adabu, kisha akasema, "Lakini sheria ni karatasi, Mwalimu." Muda wa somo ulikuwa umekwisha, nami nikaenda nyumbani nikijua kwamba sikumjibu. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwenu nyote.

Maneno kwanza

Kwa kuwa hapa tunajifunza lugha pamoja na uraia, tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kimeyapokea mengi ya maneno haya kutoka Kiarabu, na yamekuja kwa jamaa zao. Neno katiba ni ndugu wa kitabu, katibu na maktaba. Yote yanahusu maandishi. Katiba, basi, ni jambo lililoandikwa ili asiwepo mtu wa kulibadilisha kwa kusema tu. Neno mahakama ni ndugu wa hakimu, hukumu na hekima. Nalo neno amri ni ndugu wa amiri, yaani kamanda, kama tunavyomwita Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu.

Zingatieni tofauti baina ya hukumu na amri. Anayetoa amri halazimiki kueleza sababu, akisema "Geuka kulia!" askari hageuki huku akiuliza kwa nini. Anayetoa hukumu hulazimika kueleza: amesikiliza upande huu na ule, ameona ushahidi huu, ametumia sheria hii, ndipo amefika hapa. Jeshi haliwezi kuendeshwa kwa hukumu, nayo mahakama haiwezi kuendeshwa kwa amri. Kila moja ina mahali pake. Taabu huanza pale moja inapovaa vazi la mwenziwe.

Kuna jozi nyingine ya maneno ambayo wanafunzi huichanganya: mamlaka na madaraka. Mamlaka ni ndugu wa milki na kumiliki. Mwenye mamlaka ndiye mwenye mali. Madaraka ni jukumu ambalo mtu amekabidhiwa. Ibara ya 1 ya Katiba ya Uganda inasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Wabunge, Rais na majaji wamekabidhiwa madaraka tu. Ibara ya 126 inaongeza kwamba hata uwezo wa kuhukumu hutoka kwa wananchi, na mahakama huutumia kwa jina lao.

Fahali na mafiga

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Wapo wanaoitumia methali hii kudai kwamba nchi haiwezi kuwa na wakubwa watatu. Lakini methali hiyo inazungumzia zizi moja. Katiba haikuwatia fahali watatu zizini wapigane. Ilimjengea kila mmoja zizi lake, ikaandika mipaka.

Mimi hupenda zaidi mfano wa jikoni. Chungu huinjikwa juu ya mafiga matatu, ambayo Waganda huyaita amasiga. Mafiga hayo hayagusani, lakini pia hayaachani mno. Yakisogezwa pamoja yakawa rundo moja, chungu hakina pa kukaa. Yakitawanywa mbali, chungu huanguka katikati. Mfaransa Montesquieu aliliandika wazo hili mwaka 1748, akionya kwamba mkono mmoja ukishika kutunga sheria, kuitekeleza na kuhukumu, uhuru hauwezi kubaki. Bibi zetu walilijua kwa chungu cha matooke.

Katiba yetu yenyewe haikuyaweka mafiga mbali sana. Mawaziri huketi Bungeni. Rais huteua majaji, ingawa kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama na kwa idhini ya Bunge. Jeshi lina wawakilishi 10 ndani ya Bunge, jambo ambalo wageni hustaajabu kulisikia. Mtu anaweza kuyatetea mambo haya au kuyapinga. Lakini swali la kijana wangu lilikuwa la ndani zaidi. Mafiga yanapogombana, na moja lina bunduki, la tatu lina nini? Historia ya mji huu imelijibu swali hilo zaidi ya mara moja, na majibu hayafanani.

1966: katiba ndani ya visanduku vya barua

Tuanze na Bunge. Tarehe 24 Februari 1966, Waziri Mkuu Milton Obote alisimamisha Katiba ya Uhuru ya mwaka 1962. Tarehe 15 Aprili wabunge waliitwa kupitisha katiba mpya ambayo hawakuwa wameisoma wala kuijadili. Waliambiwa kwamba nakala zao wangezikuta katika visanduku vyao vya barua. Jengo lilikuwa limezungukwa na askari. Hadi leo Waganda huiita "katiba ya visanduku vya barua". Mwezi uliofuata, tarehe 24 Mei, jeshi lilivamia kasri la Kabaka huko Mengo, naye Mutesa II akakimbilia uhamishoni.

Katiba hiyo ilifikishwa mahakamani katika shauri la Matovu, chifu wa Buganda aliyekuwa amewekwa kizuizini. Tarehe 2 Februari 1967, mahakama iliyoongozwa na Jaji Mkuu Udo Udoma, aliyetoka Nigeria, iliamua kwamba katiba mpya ilikuwa halali. Majaji walitegemea nadharia ya Hans Kelsen, mwanasheria mzaliwa wa Prague aliyekulia Austria: mapinduzi yakifaulu, huzaa utaratibu mpya wa sheria. Kwa maneno mengine, mahakama ilikubali kwamba kilichofaulu ndicho kilicho halali.

Hapo mafiga mawili yalisogea hadi yakagusa la tatu. Bunge halikusema "basi", wala Mahakama haikusema. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipotwaa nchi, hakuhitaji kubuni njia. Alilivunja Bunge akatawala kwa amri.

1972: Jaji aliyesema "basi"

Sasa tuvuke hadi Mahakama Kuu, lile jengo linalotazama Uwanja wa Katiba katikati ya mji. Wengi wenu hupita hapo kila siku ndani ya teksi.

Benedicto Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, wakati wa serikali ya ndani kabla ya Uhuru, na mwaka 1971 aliteuliwa na Amin kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika wadhifa huo. Mwezi Septemba 1972 lilimfikia shauri la mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa amezuiliwa na askari pasipo sheria. Kiwanuka aliamuru aachiliwe. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake, wakaondoka naye. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Someni tena tukio hilo taratibu. Jaji aliulizwa swali moja: je, askari anaweza kumshika raia bila kufuata sheria? Alijibu hapana, na jibu hilo lilimgharimu uhai. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mgawanyo wa madaraka ni somo la mitihani tu. Kila mwaka Idara ya Mahakama huandaa mhadhara wa kumkumbuka Kiwanuka, na viongozi wa mihimili yote hutoa hotuba nzuri. Lakini heshima iliyo bora kuliko hotuba ni kulichukua swali lile alilojibu na kuuliza kama leo tunalijibu jinsi alivyolijibu yeye.

1995: makufuli

Baada ya vita na umwagaji damu, Uganda ilijaribu tena, na safari hii kwa subira. Tume iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi kwa miaka kadhaa ikikusanya maoni. Wananchi waliwasilisha zaidi ya 25,000. Bunge la Katiba lilichaguliwa mwaka 1994, na tarehe 8 Oktoba 1995 Katiba ikatangazwa. Linganisheni njia hiyo na ile ya visanduku vya barua.

Waandishi wa Katiba hiyo waliweka makufuli. Ibara ya 260 inataja vifungu ambavyo Bunge peke yake haliwezi kuvibadilisha, hata wabunge wote wakikubaliana. Ni lazima wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. Miongoni mwavyo ni Ibara ya 1 juu ya mamlaka ya wananchi. Ibara ya 44, ambayo hutaja haki zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote, mojawapo ikiwa haki ya kusikilizwa kwa usawa. Na Ibara ya 128(1), inayosema kwamba mahakama zitakuwa huru na hazitaongozwa na mtu wala mamlaka yoyote.

Kuna funzo katika kilichosahauliwa. Muda wa kipindi cha Rais, yaani miaka mitano, ulifungiwa kwa kufuli hilo. Idadi ya vipindi haikufungiwa. Mwaka 2005 Bunge liliondoa ukomo wa vipindi viwili bila kura ya maoni, na tarehe 20 Desemba 2017 likaondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa kura 317 dhidi ya 97. Miezi mitatu kabla ya kura hiyo, watu wa usalama waliingia ukumbini na kuwatoa wabunge wa upinzani kwa nguvu.

Hata hivyo, nawaomba msikimbilie kukata tamaa, kwa sababu hadithi ya 2017 ina sehemu ya pili ambayo wengi huisahau. Katika sheria hiyohiyo wabunge walijiongezea muda wao wenyewe kutoka miaka mitano hadi saba. Mwezi Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ilikubali kuondolewa kwa ukomo wa umri, lakini ilikataa nyongeza ile ya miaka miwili. Wabunge hawakupewa kisichokuwa chao, na mwezi Januari 2021 uchaguzi ukafanyika kwa wakati wake. Mahakama ilisema "basi" kwa Bunge zima, bila askari hata mmoja, na Bunge likatii.

Januari hadi Juni 2025

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kwa miaka mingi raia wa Uganda wamekuwa wakishtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi: wanasiasa, wafuasi wao, na watu wasiojulikana kabisa waliodaiwa kukutwa na silaha. Mmoja wao, Michael Kabaziguruka, aliyekuwa Mbunge wa Nakawa, alishtakiwa huko mwaka 2016. Alipinga, na shauri lake likasafiri kwa miaka mahakamani. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilimkubalia. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 31 Januari 2025 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Juu, likiongozwa na Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, lilitoa uamuzi: kuwashtaki raia mbele ya mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Mashauri yote ya raia yaliyokuwa huko yasimamishwe, na majalada yapelekwe kwenye mahakama za kiraia.

Sababu yao kuu mnaweza kuielewa kwa maneno tuliyojifunza hapo juu. Wajumbe wa mahakama ya kijeshi waliteuliwa na uongozi mkuu wa jeshi, kwa muda mfupi, nao wakabaki maafisa walio chini ya makamanda wao. Anayeketi kuhukumu ni yuleyule anayepokea amri. Waswahili wana methali inayolifaa jambo hili: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Ngedere anaweza kuwa mnyama mwema kabisa. Tatizo ni kwamba yeye na nyani ni jamaa, na aliyeshtakiwa si jamaa yao.

Rais Yoweri Museveni alisema hadharani kwamba hakubaliani na uamuzi huo. Hilo lenyewe si kosa. Hata mimi na wewe tuna haki ya kutokubaliana na majaji. Lakini kutii kulichelewa. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani na kanali mstaafu aliyekuwa amechukuliwa Nairobi mwezi Novemba 2024 na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye, aliendelea kushikiliwa kwa wiki tatu baada ya uamuzi kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu wa kiraia, Nakawa, akikabiliwa na shtaka la uhaini. Mnaweza kumpenda Besigye au kumchukia. Kipimo cha katiba ni jinsi inavyomlinda mtu ambaye wenye nguvu hawampendi, kwa maana wanaopendwa hawana haja ya ulinzi huo.

Kisha likafuata jambo zito zaidi. Tarehe 20 Mei 2025, siku chache tu baada ya muswada kuwasilishwa, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya jeshi yanayoruhusu tena raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi katika mazingira maalumu. Mwezi Juni Rais aliutia saini ukawa sheria.

Maoni yangu ni haya. Bunge lina haki ya kuijibu Mahakama kwa kutunga sheria. Huko ndiko mihimili kuzungumza. Lakini kuna tofauti kati ya kurekebisha kasoro na kurudisha kupitia dirishani kile kilichotolewa mlangoni. Haki ya kusikilizwa kwa usawa na uhuru wa mahakama ziko nyuma ya makufuli ya Ibara ya 260. Ikiwa Bunge na Rais, hata wakishirikiana, hawawezi kuubadilisha uhuru huo ndani ya Katiba bila kuwauliza wananchi, wawezeje kuupunguza kwa sheria ya kawaida iliyopita kwa siku chache? Waganda walioleta maoni zaidi ya 25,000 hawakuulizwa safari hii. Haraka haraka haina baraka, na katika Bunge la Uganda haraka ina historia yake tangu mwaka 1966.

Hoja ya upande wa pili

Nimewafundisha kwamba anayetoa hukumu husikiliza pande zote, kwa hiyo nami nisikilize.

Watetezi wa sheria mpya wana hoja tatu. Ya kwanza, kwamba bunduki ya kivita mikononi mwa raia si jambo la kawaida; Karamoja, wanasema, ilitulizwa kwa msaada wa mahakama hizo, baada ya watu wengi kuuawa na kuibiwa ng'ombe. Ya pili, kwamba mahakama za kiraia zina mrundikano wa mashauri, na mshtakiwa hatari huweza kupata dhamana akarudi mtaani. Ya tatu, kwamba sheria mpya imeziba nyufa zilizoonyeshwa na majaji, kwa mfano kwa kutaka wanaoongoza mahakama hizo wawe na sifa za uanasheria.

Hoja ya kwanza ina uchungu wa kweli, nami siwezi kuidharau nikiwa nimekaa salama Kampala. Aliyeuliwa ndugu yake na mwizi wa mifugo anataka haki ya leo. Lakini uhatari wa silaha hauonyeshi ni nani anayefaa kupima ushahidi. Ukubwa wa kosa ni sababu ya kumtafuta hakimu aliye huru zaidi, kwa sababu adhabu nayo ni kubwa na kosa la kuhukumu vibaya halirudishiki.

Hoja ya pili ni kweli kabisa: mahakama zetu ni za polepole. Lakini dawa ya foleni hospitalini ni kuongeza madaktari. Hakuna anayewapeleka wagonjwa kambini. Majaji waongezwe, waendesha mashtaka waongezwe, mahakama zifike Moroto na Kotido zikiwa na watumishi wa kutosha. Fedha za kufanya hivyo huidhinishwa na Bunge lilelile linalolalamikia ucheleweshaji.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito wa kisheria, na tayari sheria hiyo imepingwa mbele ya Mahakama ya Katiba. Majaji wataipima. Mimi nauliza tu jambo ambalo mwanafunzi yeyote angeuliza: afisa akiwa na shahada ya sheria lakini bado anapandishwa cheo, kuhamishwa na kuadhibiwa na makamanda wake, je, amekuwa hakimu, au ni mpokea amri aliyesoma?

Jibu langu kwa kijana wa bodaboda

Sasa nikurudie wewe uliyeuliza. Mahakama ina nini?

Haina askari wake. Mara mbili, mwezi Novemba 2005 na tarehe 1 Machi 2007, watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu hapa Kampala ili kuwakamata tena washtakiwa waliopewa dhamana. Siku hizo karatasi ilionekana nyonge kweli. Lakini mwaka 2007 majaji waligoma kwa siku kadhaa kupinga uvamizi ule, na mawakili wakaungana nao. Nchi nzima ikauliza kwa nini. Alichofanyiwa Kiwanuka kilifanyika katika nchi iliyokuwa kimya kwa hofu. Walichofanyiwa majaji wa 2007 kiliambatana na kelele. Tofauti hiyo ndiyo nguvu ambayo Mahakama inayo: hutoa sababu zake hadharani, na hutegemea kwamba wapo wananchi watakaozielewa na kuuliza pale zinapopuuzwa. Wananchi wasipozielewa, majaji hubaki peke yao na makoti yao mekundu. Kwa hiyo kuelewa ni sehemu ya katiba yenyewe, na kuelewa hupitia katika lugha.

Hapa ndipo kazi yangu mimi, mwalimu wa Kiswahili, inapoingia. Wengi wetu tuliokulia Kampala tulilelewa kukiogopa Kiswahili. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, lakini wazazi wetu walikwisha kukijua kwenye vizuizi vya barabarani: "Simama!" "Toa kipande!" "Lala chini!" Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maneno mawili, "panda gari", yakawa jina la misako ambayo watu walichukuliwa kwenye malori, na wengine hawakurudi. Tazameni sarufi ya maneno hayo. Yote yako katika hali ya kuamuru. Kwa wazazi wetu, Kiswahili kilikuwa lugha yenye hali moja tu ya kitenzi.

Tangu marekebisho ya mwaka 2005, Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitakachotumika kama Bunge litakavyoagiza kwa sheria. Nafurahi. Lakini sitaki kuwafundisha lugha ileile waliyoisikia wazazi wetu. Kiswahili kina hali nyingine za kitenzi: kuna kuuliza, kuna kukanusha, kuna masharti. Kuna "Haturuhusiwi", na kuna "Hamruhusiwi" vilevile. Kuna "isipokuwa mahakama iamue".

Ibara ya 23 inasema kwamba mtu akikamatwa ni lazima aelezwe papo hapo, katika lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili. Na kwamba ni lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Katika lugha anayoielewa: maneno hayo yako ndani ya Katiba. Kwa hiyo, kabla ya somo lijalo, jifunzeni sentensi hizi tatu kwa moyo, mzitamke kwa heshima na bila kutetemeka:

"Afande, nakamatwa kwa kosa gani?"
"Naomba kuwasiliana na wakili wangu."
"Nitafikishwa mbele ya mahakama ipi, na lini?"

Swali la tatu, hasa maneno "mahakama ipi", ndilo ambalo Uganda nzima inalijadili hivi sasa. Kiwanuka alilijibu mwaka 1972, na majaji saba wakalijibu tena mwaka 2025. Sasa limerudi mezani, na safari hii nataka wanafunzi wangu wawe miongoni mwa wanaouliza.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya amri na hukumu. Toa mfano mmoja wa kila neno kutoka nyumbani au kazini kwako.

2. Idadi ya vipindi vya Rais haikuwekwa chini ya ulinzi wa kura ya maoni mwaka 1995. Unadhani ilipaswa kuwekwa? Tetea jibu lako kwa sababu mbili.

3. Andika aya moja ukimtetea anayeunga mkono mahakama za kijeshi kwa raia, kisha aya moja ukimpinga. Usitumie hali ya kuamuru hata mara moja.